Jinsi ya Kuisoma Nyumba ya Kale ya Mfanyakazi wa Kiwanda cha Mbao

Aliyewahi kuishi katika kota za reli za Tabora, au katika kambi za mashamba ya mkonge ya Tanga, hahitaji kufundishwa maana ya nyumba inayokuja na kazi na kuondoka na kazi. Nyumba ya namna hiyo haikuchorwa kwa kufuata matakwa ya anayelala ndani yake, na hata rangi ya mlango wake huenda iliamuliwa ofisini. Mwongozo huu unahusu nyumba za ukoo huo zilizo mbali nasi, yaani nyumba ndogo za mbao walizojengewa wafanyakazi wa viwanda vya kupasua mbao kusini-magharibi mwa jimbo la Australia Magharibi, kuanzia miaka ya 1870 hadi katikati ya karne ya 20. Baadhi yake bado zinakaliwa na nyingine hupangishwa kwa wageni wa mapumziko, na kila anayetaka kuinunua, kuikarabati au kuiandikia historia hujikuta na maswali yaleyale: ilijengwa lini, kwa mbao gani, na imebadilishwa mara ngapi?

Anza na kiwanda

Wengi huanza kwa kuitazama veranda na bati. Nashauri uanze na kiwanda, kwa sababu nyumba hii ni zao la kiwanda kama taruma la reli, yaani gogo linalolaliwa na vyuma vya reli, lilivyo zao lake: ilijengwa kwa mbao zilizopasuliwa palepale, na kila sehemu yake inaeleza kile ambacho mwajiri alikuwa nacho tele na kile ambacho hakutaka kukigharamia. Ukijua kiwanda kilianza lini, kilipasua mti gani na kilimilikiwa na nani, umeshapata nusu ya habari za nyumba kabla hujagusa ukuta wake.

Katika eneo hili miti miwili ndiyo iliyotawala. Jarrah, ambayo jina lake limetoka katika lugha ya Wanoongar, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ina mbao nyekundu na nzito zinazostahimili mchwa na unyevu kwa miaka mingi. Ni mbao hizo zilizopelekwa hadi London mwishoni mwa karne ya 19, zikakatwa vipande na kutandazwa barabarani. Karri ni mti mrefu zaidi, unaoweza kupita mita 80, na mbao zake zina nguvu na hupatikana kwa urefu mkubwa, lakini zikiachwa ziguse udongo mchwa huzishambulia. Tofauti hiyo iweke akilini, kwa maana utaihitaji utakapoingia chini ya sakafu.

Kwa upande wa tarehe, Jarrahdale, iliyo umbali wa kilomita 50 hivi kusini-mashariki mwa Perth, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1870, na reli yake ya kushusha mbao hadi pwani ya Rockingham ilikuwa ikifanya kazi mwaka 1872. Mwaka 1902 kampuni kadhaa ziliungana na kuwa Millars' Karri and Jarrah Company, ambayo kwa miongo mingi ilimiliki viwanda, reli za msituni, maduka na nyumba, na ambayo karakana zake kubwa zilikuwa Yarloop. Baadaye serikali ya jimbo nayo iliingia katika biashara hiyo; viwanda vyake vya Pemberton na vya karibu na Manjimup, vilivyoanza kujengwa mwaka 1913, vilikusudiwa hasa kutoa mataruma ya reli ya Trans-Australian, iliyokuwa ikijengwa kati ya Kalgoorlie na Port Augusta kuanzia mwaka 1912 hadi 1917. Kijiji cha Donnelly River, kilichokuwa cha kampuni ya Bunnings, ni cha kizazi cha baadaye. Kiwanda chake kilifungwa mwaka 1978, na nyumba zake sasa hupokea wageni.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba nyumba fulani ya kiwanda huko Pemberton ni ya mwaka 1890, mambo mawili yanawezekana: ama msemaji amekosea, ama nyumba ilihamishwa kutoka mahali pengine. Jambo hilo la pili si mzaha. Msitu wa karibu ulipokwisha, kiwanda kilihama, na nyumba zilihama pamoja nacho, zikiwa zimekatwa vipande na kupakiwa kwenye mabehewa bapa ya reli ya msituni.

Chunguza pia habari za moto. Mwezi Januari 1961 moto wa msituni uliteketeza sehemu kubwa ya mji wa Dwellingup pamoja na vijiji vya viwanda vya jirani kama Holyoake na Nanga Brook, na baadhi ya vijiji hivyo havikujengwa tena. Yarloop nayo iliungua mwezi Januari 2016, moto ukiondoka na karakana za kale na nyumba nyingi, na watu wawili walipoteza maisha. Mwenye nyumba ya mbao ya Dwellingup anayesema ni ya kabla ya 1961 anapaswa aweze kukueleza ilisalimikaje.

Tazama mstari mzima kabla ya nyumba moja

Simama barabarani na uhesabu nyumba zilizofanana. Nyumba za wafanyakazi zilijengwa kwa mistari, kwa ramani moja, mara nyingi zikielekea reli au kiwanda. Ya meneja ilikuwa kubwa zaidi na ilikaa mahali pa juu, nao wanaume wasio na familia walipewa vibanda vya chumba kimoja au bweni. Umbo la kawaida la nyumba ya familia ni vyumba vinne chini ya paa la bati, veranda mbele, na kipande cha paa kilichoinamishwa nyuma kufunika jiko. Nyumba moja ikiwa tofauti na wenzake, usikimbilie kusema kwamba alikaa mtu mkubwa. Chora kwanza umbo la zile zinazofanana, kisha uandike tofauti za hiyo moja, kwani kila tofauti huenda ni badiliko la baadaye lenye tarehe yake.

Ingia chini ya sakafu

Sehemu hii wengi huiruka kwa kuogopa vumbi, na ndiyo yenye maneno mengi kuliko zote. Nyumba hizi hazikai juu ya msingi wa mawe, bali juu ya nguzo fupi za mbao zilizozikwa ardhini, nazo ndizo zinazobeba boriti za sakafu. Vaa ovaroli, glavu na kinyago cha vumbi, chukua tochi mbili, futi ya kupimia yenye inchi na milimita, chaki, na kijiti kirefu cha kugonga mbele yako, kwa kuwa nyoka na buibui wa nchi hiyo si wa kufanyiwa majaribio. Wakati wa baridi ndio bora.

Lala chali, elekeza mwanga ubavuni mwa nguzo badala ya kuipiga usoni, na uanze pale inapokutana na udongo, kwa sababu mbao iliyozikwa huoza pale kwenye mpaka wa udongo na hewa kabla ya kuoza kwingineko. Choma polepole kwa bisibisi nyembamba. Jarrah iliyo nzima itakataa. Iliyooza itapokea ncha kama keki. Kisha linganisha nguzo zote: zikiwa na sura na umri mmoja, huenda ni za mwanzo; zikichanganyika, za mbao pembeni na za zege au chuma katikati, ukarabati umepita hapo. Nguzo zote zikiwa changa kuliko boriti zilizo juu yake, kumbuka yale mabehewa bapa, kisha tafuta ushahidi mwingine wa kuhama: nguzo za ukutani zilizosimama mbili mbili katikati ya ukuta, boriti iliyokatwa na kuungwa pale pasipohitaji kiungo, au namba zilizopakwa rangi kwenye mbao ili kuwaelekeza mafundi wa kuunganisha upya.

Angalia pia kama kuna kipande cha bati kilichokunjwa kama kofia kati ya nguzo na boriti. Kofia hiyo haiui mchwa, lakini inawalazimisha kujenga njia zao za udongo kwa nje, ambako mkaguzi ataziona. Palipo na njia hizo, usizibomoe zote kabla ya kumwita mtaalamu, kwa sababu ukizivuruga wadudu hujificha na kazi yake inakuwa ngumu maradufu.

Hapa ndipo unapotenganisha jarrah na karri. Zote mbili zikizeeka huwa na wekundu uliofifia, na macho peke yake hudanganya hata mafundi wazoefu. Njia ya wazee wa viwandani ni ya kiberiti: chukua kibanzi chembamba, kisicho na rangi wala dawa, kutoka ndani ya mbao, ukiwashe nje mahali salama na ukiache kiungue polepole. Jarrah huacha mkaa mweusi. Karri huungua hadi kuwa majivu meupe. Jaribu vibanzi viwili au vitatu kabla ya kuandika neno, na usifanye hivyo siku ambayo mamlaka za huko zimepiga marufuku kuwasha moto nje, marufuku ambayo majira ya joto hutolewa mara kwa mara na huchukuliwa kwa uzito mkubwa. Ukikuta nguzo za jarrah zimebeba boriti na sakafu za karri, umekutana na fundi aliyeijua kazi yake. Ukikuta karri ndani ya udongo, tafuta sababu, na utafute pia mchwa.

Soma alama za msumeno

Mgongo wa mbao ambayo haikupigwa randa huhifadhi maandishi ya msumeno ulioipasua, na maandishi hayo hayadanganyi kirahisi kama masimulizi ya familia. Lalisha tochi karibu sana na ubao ili mwanga uparuze uso wake. Mistari iliyonyooka lakini isiyolingana, inayobadilika mwelekeo kidogo kila baada ya sentimita chache, ni ya msumeno wa mkono uliovutwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwenzake chini yake. Msomaji aliyewaona wapasuaji wa mbao katika misitu yetu, ambako kazi hiyo haijakwisha, ataitambua mara moja. Mistari iliyonyooka na kulingana sawasawa ni ya msumeno wa mashine unaopanda na kushuka, au wa msumeno wa ukanda uliokuja baadaye. Mistari iliyopinda kama sehemu ya duara kubwa ni ya msumeno wa mviringo, uliokuwa farasi wa viwanda vya jarrah na karri, na ndiyo utakayoiona mara nyingi kuliko yote. Makovu mapana, kama ya samaki aliyeparwa magamba, ni ya shoka pana, chombo cha wachongaji wa mataruma waliofanya kazi msituni kwa malipo ya kipande.

Alama peke yake haitoi mwaka. Inachotoa ni mfuatano: ukuta wenye alama za duara uliopandishwa kwenye boriti zilizochongwa kwa shoka una mambo mawili ya kueleza, na kiraka chenye mistari ya ukanda hakiwezi kuwa cha siku moja na jirani zake. Pima pia. Mbao mbili kwa nne ya kiwanda cha zamani ni inchi mbili kwa nne kweli, au hata imezidi kidogo, kwa sababu ilitoka kwenye msumeno na kwenda ukutani bila kupigwa randa. Mbao ya leo ya Australia ya kazi hiyohiyo ina milimita 90 kwa 45 au 35, na vipimo vya milimita viliingia katika ujenzi wa huko miaka ya 1970. Misumari nayo ina lake la kusema: yenye pande nne bapa, iliyokatwa kutoka bamba la chuma, ni ya desturi ya zamani; ile ya waya, yenye mwili wa duara, ilienea mwishoni mwa karne ya 19 na haijatoka sokoni hadi leo. Usiitegemee sana, kwa sababu fundi wa kijiji cha kiwanda hakutupa msumari uliowezekana kunyoshwa.

Ukuta kwa tabaka zake

Kwa nje, nyumba za mapema na za haraka zilifunikwa kwa mbao zisizopigwa randa zilizosimamishwa wima, na kila mwanya kuzibwa kwa papi. Zilizojengwa kwa uangalifu zaidi zina mbao za kulala zinazopandiana ili mvua iteleze. Kwa ndani, ukuta wa awali mara nyingi ulikuwa kitambaa cha gunia kilichopigiliwa misumari midogo kwenye viunzi, kikabandikwa magazeti kwa uji wa unga, na juu ya magazeti karatasi za maua pale mama wa nyumba alipopata fedha. Baadaye zilikuja mbao nyembamba zilizoingiliana ulimi kwa mfereji, kisha bodi za saruji, kisha bodi za jasi za siku hizi.

Hapa kuna onyo ambalo halina msamaha. Bodi bapa za saruji zilizotumika sana Australia kuanzia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hadi miaka ya 1980 zilitengenezwa kwa asbesto, madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na marufuku kamili ya asbesto nchini humo ilianza tarehe 31 Desemba 2003. Usitoboe, usikate wala usipige msasa bodi ya aina hiyo ili kuona kilicho nyuma yake. Rangi za zamani nazo zichukulie kuwa zina madini ya risasi hadi vipimo vionyeshe vinginevyo.

Njia salama ya kuona tabaka ni kutafuta mahali ambapo nyumba imejifungua yenyewe: ndani ya kabati lisilopakwa rangi, juu ya dari, au nyuma ya ubao wa fremu ya mlango uliokwisha kulegea. Hesabu kutoka ndani kwenda nje na uandike kila tabaka, hata ile inayoonekana kuwa takataka. Gazeti lililobandikwa lina tarehe, lakini tarehe hiyo inakuambia tu kwamba ukuta haukubandikwa kabla ya siku hiyo. Gazeti la mwaka 1915 lingeweza kukaa bandani miaka mitano likisubiri uji. Piga picha likiwa ukutani, wala usilibandue upeleke nyumbani, kwa sababu karatasi iliyotenganishwa na ukuta wake inabaki gazeti la zamani tu.

Paa, na upande wa nyuma

Panda darini kwa ngazi, kanyaga juu ya mbao za kenchi peke yake, na utazame mgongo wa mabati. Bati za migongo za kampuni ya Lysaght, ambazo awali zililetwa kutoka Uingereza, zilipigwa muhuri wenye neno ORB, na mara nyingi muhuri huo husalia upande wa chini ambao jua halikuufikia. Kampuni hiyo ilianza kutengeneza bati mjini Newcastle, New South Wales, mwaka 1921, kwa hiyo muhuri wake unaosema bati lilitengenezwa Australia hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Mabati mafupi yaliyopandishana mara mbili au tatu kwenye mteremko mmoja huashiria paa la zamani, lakini kumbuka kwamba bati ni mali inayohamishika: shimo la msumari lisilo na msumari, wala mbao chini yake, linakuambia kwamba bati hilo liliwahi kukaa juu ya paa jingine.

Nyuma ya nyumba ndiko maisha yalikokuwa. Jiko la kuni, katika jimbo hili mara nyingi la kampuni ya Metters na jina lake likisomeka kwenye mlango wa oveni, lilikaa ndani ya dohani ya matofali palipokuwa na matofali, au ya mabati pasipokuwapo, na liliwaka mwaka mzima kwa mabaki ya kiwanda, ambayo ni kitu pekee mwajiri alichokuwa nacho bila kikomo. Bafu na sehemu ya kufulia zilikuwa nyuma au nje kabisa, na choo cha ndoo kilisimama mwisho wa kiwanja, kikipakana na kichochoro ambamo mkusanyaji alipita na gari lake. Kichochoro hicho kikiwa bado kipo, kipime na ukichore. Ni sehemu ya nyumba ingawa hakina ukuta. Veranda ya nyuma iliyozibwa kwa bodi za saruji na vioo vya kufungulia hewa ni chumba cha watoto, kilichoongezwa familia ilipokua, na hapo tena kumbuka asbesto.

Iunganishe na karatasi

Baada ya kuisoma nyumba ndipo uende kwenye kumbukumbu, wala si kabla, ili karatasi zisikupe macho ya kuona unachotaka. Maktaba ya Battye mjini Perth, iliyo ndani ya Maktaba ya Jimbo, ina picha na ramani za vijiji vya viwanda. Ofisi ya Kumbukumbu za Jimbo ina majalada ya viwanda vya serikali, ambavyo viliuzwa kwa kampuni ya Hawker Siddeley mwaka 1961. Na magazeti ya zamani yanasomwa bure katika Trove, hazina ya Maktaba ya Taifa ya Australia. Tafuta kwa jina la kiwanda, pamoja na namba yake kama kilikuwa nayo, kwa sababu vijiji vingi vilibadilishwa majina. Usitarajie hati ya ununuzi yenye jina la mkazi. Kodi ya nyumba ilikatwa kwenye mshahara, na aliyeacha kazi aliacha na nyumba, hivyo majina utayapata kwenye orodha za wapiga kura, rejista za shule na makaburi.

Mwishoni chora ramani ya sakafu kwa kipimo, kisha uipake rangi tatu: moja kwa sehemu unazoweza kuthibitisha kuwa za mwanzo, ya pili kwa zilizoongezwa, na ya tatu kwa zile ulizoshindwa kuziamulia. Hiyo rangi ya tatu usiione aibu. Ramani isiyo nayo imechorwa na mtu aliyekisia. Ubao uliolazimika kuufungua urudishe mahali pake kwa misumari yake ileile, na mgongoni mwake uandike kwa penseli siku uliyoufungua.